Kura ya Kutoboa na Kura ya Kutia Alama

Neno "kura" limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuamua jambo kwa bahati. Hata leo watu wagawanyapo zamu au mafungu hupiga kura kwa maana hiyo ya kale. Uchaguzi umeligeuza neno hili: si bahati tena, bali ni nia ya mtu. Basi kila namna ya kupiga kura yapasa ipimwe kwa swali moja: je, yahifadhi nia ya mpigaji?

Tutazame kadi za kutoboa, zilizotumika katika chaguzi za Marekani tangu 1964 hata 2014. Mpigaji alipewa kadi ngumu isiyo na majina, yenye miraba midogo midogo iliyokatwa nusunusu kingoni. Aliitia kadi chini ya kitabu cha majina ya wagombea, akachoma kwa kijiti cha chuma katika tundu lililoelekea jina alitakalo. Mraba ulidondoka, pakabaki kitobo. Kisha kadi zilipitishwa katika mashine, nayo ikahesabu kura kwa kutambua mahali pa kila kitobo.

Mshona kofia za viua wa Mji Mkongwe ataifahamu upesi ila ya kazi hii: tundu lisilotobolewa barabara hujifumba. Kibanzi cha karatasi kikining'inia, mashine haikioni kitobo. Huko Florida, Novemba 2000, wahesabuji walizinua kadi mbele ya mwanga wakibishana juu ya vibanzi. Na George W. Bush alitangazwa mshindi wa jimbo hilo kwa kura 537.

Unguja na Pemba mpigaji hutia alama juu ya karatasi. Hata hivyo mizani ni ile ile. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Viti 22 vikagawanyika 11 kwa 11 baina ya pande mbili, serikali isiweze kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na katika ghasia zake wakafa watu 68.

Kwa hiyo tulitumie kwa uangalifu jina "kura iliyoharibika". Jina hilo lashuhudia kwamba karatasi imeharibika; halishuhudii kwamba mwenyewe hakuwa na nia.