Jinsi ya kulinda zulia dhidi ya vyombo vizito vya muziki

WAPENZI wa muziki wanaogeuza sebule kuwa ukumbi wa mazoezi huweza kugharimika mara mbili: kwanza kwa kununua vyombo, kisha kwa kununua zulia jipya.

Kwa mkazi wa Embulbul, kitongoji kilicho kati ya Karen na mji wa Ngong katika Kaunti ya Kajiado, hasara hiyo si ndogo. Baridi ya Julai huko hulifanya zulia kuwa hitaji wala si pambo.

Kinyume na wanavyodhani wengi, kinachoharibu zulia si uzito wenyewe, bali ni uzito huo kurundikana mahali padogo.

Chukua mfano wa piano yenye kilo 240 inayosimama juu ya magurudumu manne. Kila gurudumu hubeba kilo 60. Iwapo sehemu inayogusa zulia ni sentimita tatu za mraba, kila sentimita hubanwa na kilo 20.

Sasa weka chini ya kila gurudumu kipande cha mbao chenye sentimita 20 kila upande. Kilo zile 60 zitaenea katika sentimita 400 za mraba, na kila moja itabeba gramu 150 pekee.

Plaiwudi ya milimita 18 inafaa, kwani nyembamba hupinda. Kingo zake zipigwe msasa ili zisikate nyuzi. Spika kubwa nazo zaweza kuwekewa ubao mmoja mpana.

Ngoma zinazopigwa kwa miguu huteleza na kuchimba zulia kwa vyuma vyake vya mbele. Zitandikie kipande cha zulia kuukuu. Aidha, jihadhari na mipira ya stendi za vinanda, kwani baadhi yake huacha madoa yasiyotoka.

Kabla ya kupanga vyombo, ondoa vumbi. Chembe za mchanga zikikandamizwa husaga nyuzi. Unapohamisha chombo, kiinue; usikiburute. Msimu wa mvua, inua mbao hizo mara kwa mara ili unyevu usizae ukungu.

Iwapo zulia limekwisha kubonyea, ondoa kwanza vifaa vyote vya umeme mahali hapo. Weka vipande vya barafu kwenye shimo, viache viyeyuke, kausha kwa kitambaa, kisha nyanyua nyuzi kwa vidole. Usilipige pasi zulia la nyuzi za plastiki, kwani huyeyuka.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haihusu zulia. Wapo wanaoficha nyaya za umeme chini yake, kisha spika ikawekwa juu. Uzito huo huweza kupasua ganda la waya, nalo zulia huzuia joto kutoka. Hapo moto huweza kuzuka pasipo mtu kuona dalili yoyote.

Nyaya zipitishwe kando ya ukuta, mahali zinapoonekana na kukaguliwa.