Tiara na Tanga Ndani ya Maji Yale Yale

Msikilizaji, aliyewahi kusimama pwani ya Paje, mashariki ya Unguja, wakati upepo wa kusi umeshika, ameona jinsi mbingu inavyojaa tiara za kila rangi. Si zile tiara za karatasi tulizochezea utotoni. Hizi ni za kitambaa kigumu, zina mirija inayojazwa hewa kwa pampu, na ukubwa wake ni mita za mraba 7, 9 hata 12. Chini yake, kwenye ncha ya kamba nyembamba, mtu anateleza juu ya ubao. Pembeni anapita mwingine asiye na tiara. Ubao wake umesimamishwa mlingoti na tanga, mithili ya ngalawa isiyo na mirengu. Wote wawili wanategemea upepo mmoja, na wote wameyapenda maji yale yale yaliyotulizwa na mwamba. Leo tuzungumzie namna watu hawa wanavyoweza kupishana bila kuumizana.

Mwenye tanga ndiye mkubwa kwa umri. Mchezo wake ulianza kuenea kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 kule Los Angeles. Wa tiara ni mdogo wake. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliandikisha ugunduzi wao wa tiara ya kujaza hewa mwaka 1984, lakini ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya mchezo huo kushika kasi, na Olimpiki iliupokea mwaka 2024 tu, mashindano yakifanyika Marseille.

Kanuni za kupishana si ngeni. Ni zile zile za vyombo vya matanga, zilizomo katika mapatano ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia vyombo kugongana baharini. Wakikutana wawili uso kwa uso, yule anayepata upepo kwa upande wake wa kulia ndiye mwenye haki ya njia. Kwa lugha ya ubaoni, ni yule ambaye mkono wake wa kulia umetangulia mbele. Mwenzake ndiye wa kukwepa. Wakienda upande mmoja, aliye joshini, yaani upande unakotoka upepo, humpisha aliye demani. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye wa kujihadhari. Wachezaji wameongeza yao moja: anayetoka pwani kuingia majini hupewa nafasi na anayerudi, kwa kuwa karibu na nchi kavu ndipo tiara inapokuwa hatari zaidi. Nahodha wa ngalawa wa Jambiani asingeyashangaa mengi ya hayo.

Tatizo, msikilizaji, ni kwamba kanuni hizo zilitungwa kwa chombo ambacho tanga lake liko juu yake. Mwenye ubao wa tanga ana mlingoti wa mita 4 na kitu, na mwisho wake unauona. Mwenye tiara ana kamba za mita 20 hadi 25, na tiara yenyewe iko mbele yake, upande wa demani. Kwa hiyo ukubwa wake halisi si ule ubao wa kukanyagia. Ni mtu, na kamba, na tiara, na eneo lote ambalo tiara ingeangukia kama upepo ungekata ghafla. Ajali nyingi zinazoweza kutokea kati ya hawa wawili huanzia hapo, mmoja anapomkadiria mwenzake kwa kuutazama ubao tu.

Siku moja nilikuwa nimeketi chini ya mvinje nikishuhudia jambo hilo. Kijana wa tiara alikuwa joshini, mwenye tanga akapita demani yake akidhani nafasi inatosha. Mlingoti ukanasa kamba. Tiara ikaanguka, ikajaa upepo tena, ikaanza kuwavuta wote wawili kuelekea pwani. Aliyewaokoa ni kijana mwenyewe, alipovuta kifungulio cha dharura kilicho mbele ya kiuno chake. Alitoka majini vidole vyake vikivuja damu, maana kamba iliyokazwa hukata kama kisu. Mwenye tanga alipata tanga lililochanika na kimya cha dakika nyingi. Nadhani wote wawili walijifunza.

Njia iliyo salama zaidi ni hii. Mwenye tiara akiwa na hiari, apite demani ya mwenye tanga na aishushe tiara yake karibu na maji. Hapo kamba zote zinakuwa mbali na mlingoti. Akilazimika kupita joshini, ainyanyue tiara juu kabisa na aache nafasi kubwa. Wengi husema mita 50, yaani urefu wa kamba mara mbili, na sioni sababu ya kubishana nao. Hata anayetaka kuruka angani, na hao ni wengi siku hizi, atazame kwanza demani, kwa kuwa huko ndiko atakakoangukia.

Mwenye tanga naye ana wajibu. Akizidiwa, huliachia tanga likalala majini na nguvu yote ikaisha. Asidhani mwenzake anaweza kufanya hivyo. Mwenye tiara akiachia mpini, mvuto hupungua, lakini tiara bado imefungwa kiunoni mwake. Tena upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne, na tiara inayokimbia angani huvuta zaidi ya ile iliyosimama. Kwa hiyo mwenye tanga asizunguke mbele ya mtu anayerusha tiara, wala asipumzike demani yake.

Pwani nako kuna mambo. Kamba zilizotandazwa mchangani hazionekani kwa mpita njia wala mwendesha baiskeli, na si vizuri kuzivuka. Tiara iliyotua iwekewe mchanga wa kutosha, isije ikaruka yenyewe. Anayetaka kutua hujigonga kichwani kwa kiganja. Ni ishara kwa anayejua kuipokea. Watoto wetu hupenda kukimbilia kusaidia. Asiyefundishwa asishike tiara ya mtu, hata akiahidiwa pesa.

Lakini Paje ina wenyeji wengine majini, wasio na tiara wala tanga. Kilimo cha mwani cha kuuza kilianza hapo na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo wengi wa wakulima wake ni akina mama. Hupigilia vigingi kwenye mchanga, wakafunga kamba kati yake na kuning'iniza mbegu. Kazi hufanyika maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua. Yanapojaa, kwa tofauti inayofikia mita 4 hivi, shamba zima linazama na vigingi vinabaki pale chini. Pezi la ubao wa tanga likipita huweza kukata kamba ya shamba, na mchezaji anayeanguka juu ya kigingi huumia vibaya. Hasara ya kamba iliyokatwa ni kazi ya mama wa watu wa majuma mengi, na haidhaniwi kuwa ajali na yeyote, kwa hiyo hailipwi.

Hapo ndipo ninapowalaumu wachezaji wa pande zote mbili kwa usawa. Wanajua kanuni ya mkono wa kulia kwa ghibu, lakini wachache huuliza shamba liko wapi.

Atakayekwenda Paje msimu wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ashuke kwanza ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Atembee kwa miguu, awasalimie akina mama, aone safu za vigingi zinaanzia wapi na kuishia wapi. Saa sita baadaye hazitaonekana.