Siku moja katika jedwali yaweza kumnyima mfanyakazi mwaka mzima

JEDWALI la kompyuta limechukua mahali pa daftari katika ofisi nyingi zinazoweka tarehe za kuajiriwa, za likizo na za kustaafu. Hata hivyo, kompyuta hujibu swali lililoulizwa tu, na fomyula isiyofaa yaweza kumpunja mfanyakazi haki yake ama kumtia mwajiri hasarani.

Katika programu ya Excel, kila tarehe huhifadhiwa kama nambari. Januari 1, 1900 ndiyo nambari 1, nayo Januari 1, 2000 ni 36526. Kwa hivyo, iwapo tarehe ya kuanza iko katika seli A2 na ya kumaliza katika B2, fomyula =B2-A2 hutoa idadi ya siku zilizo kati yake.

Utata huzuka pale siku zinapogeuzwa kuwa miaka. Chukua mfano wa mfanyakazi aliyeajiriwa Machi 15, 2010, akafanya kazi hadi jioni ya Machi 14, 2020. Amekamilisha miaka 10 barabara. Lakini karani akiandika =DATEDIF(A2,B2,"Y"), jibu litakuwa 9, kwani fomyula hiyo haihesabu siku ya mwisho. Ikiwa mkataba wake unaahidi mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, basi mshahara wa siku 15 umepotea hivi hivi. Dawa yake ni kuongeza siku moja: =DATEDIF(A2,B2+1,"Y").

Wapo wanaogawanya siku kwa 365. Njia hiyo nayo husahau miaka mirefu, ambayo Februari huwa na siku 29, kama vile 2012, 2016 na 2020. Lau mfanyakazi huyo angeondoka Machi 12, 2020, hesabu hiyo ingempa miaka 10 kamili ilhali alibakisha siku mbili kuitimiza.

Likizo nayo ina hesabu yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Tuseme mfanyakazi wa Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa likizoni kuanzia Disemba 2 hadi Disemba 31, 2024. Kwa kalenda, hizo ni siku 30. Fomyula =NETWORKDAYS(A2,B2) huondoa Jumamosi na Jumapili, zikabaki 22, na kwa hesabu hiyo ataonekana amepitisha kiwango chake.

Lakini humo mna sikukuu tatu: Jamhuri ya Disemba 12, Krismasi na siku inayoifuata. Tarehe hizo zikiorodheshwa katika seli D2 hadi D4, fomyula =NETWORKDAYS(A2,B2,D2:D4) hutoa 19. Kumbe bado anadai siku mbili. Kwa wanaofanya kazi hata Jumamosi, =NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,11,D2:D4) huondoa Jumapili na sikukuu pekee.

Aidha, tarehe zenyewe zapaswa kukaguliwa kabla ya hesabu yoyote. Nchini Kenya, 03/04/2019 ni Aprili 3, lakini kompyuta iliyowekewa mtindo wa Marekani huisoma kuwa Machi 4, bila kutoa onyo lolote. Kompyuta hiyo hiyo ikiandikiwa 15/03/2010 huichukulia kuwa maandishi matupu, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15. Fomyula =ISNUMBER(A2) ikijibu FALSE, seli hiyo haina tarehe. Njia salama ni kuandika mwezi kwa jina lake.

Kabla ya fomyula kuteremshwa safu nzima, yafaa ijaribiwe kwa mfanyakazi mmoja ambaye siku zake zimehesabiwa kwa kalenda ya ukutani. Majibu yakitofautiana hata kwa siku moja, fomyula irekebishwe kwanza, ndipo hundi ziandikwe.