Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Miaka

Leo twataka kusema nanyi habari ya kazi isiyo na mshahara, nayo ni kujitolea kutunza msitu wa asili.

Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023. Serikali iliifanya kuwa siku ya mapumziko ili watu wote wapande miti, na shabaha ilikuwa miche milioni 100. Lilikuwa jambo jema. Lakini wazee walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mche ukipandwa wakati wa vuli na kuachwa, Januari jua huukausha, mbuzi huutafuna, na magugu huusonga. Basi tusiulize tu, ni miche mingapi imepandwa? Tuulize pia, ni nani atakayerudi?

Tuutazame msitu wa Karura, hapa Nairobi. Una zaidi ya hekta 1,000, nao ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi. Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche huko, wakapigwa hata wakatoka damu. Msitu ukaokoka. Je, kazi ikaisha? Hapana, maana adui mwingine alikuwa ndani.

Adui huyo ni lantana, kichaka chenye asili ya Amerika, kilicholetwa kuwa pambo la bustani. Ndege hula matunda yake meusi na kutawanya mbegu. Huifunika ardhi hata miche ya asili ikakosa mwanga, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Ukikikata kwa panga huchipuka tena. Sharti king'olewe na mizizi, kisha watu warudi mwaka baada ya mwaka kuondoa machipukizi. Mikaratusi nayo, iliyotoka Australia, hukatwa sehemu kwa sehemu, na mahali pake hupandwa wenyeji wa pale: muhugu, mukinduri, muthiga na mzeituni wa mwitu. Sheria ya Misitu ya 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kutunza misitu pamoja na serikali, na sheria ya 2016 ikaendeleza haki hiyo. Huko Karura, Marafiki wa Msitu na watu wengi wa kujitolea wameshika majembe kwa njia hiyo.

Huenda mtu akauliza, mti si mti? Mtazame mugumo. Maua yake yamefichwa ndani ya tunda, na huchavushwa na nyigu mdogo sana wa aina yake. Tini zake hulisha ndege na tumbili, nao huzipeleka mbegu mbali. Ukiuondoa mugumo, umeondoa meza ya wengi, na mkaratusi hauwezi kuandaa meza hiyo.

Mwingine atasema, watoto wangu wanataka unga na karo. Nitatoaje Jumamosi yangu bure? Neno hilo ni la haki, wala hatulidharau. Ndiyo maana mzigo huu si wa mtu mmoja. Nyumba 24 katika kanisa zikigawana Jumamosi moja ya kila mwezi, nyumba mbili mbili, kila nyumba itatoa siku moja tu kwa mwaka. Na faida si ya ndege peke yao. Msitu huyapokea maji ya mvua, ukayaachilia mitoni polepole, naye mama aendaye kuteka maji wakati wa kiangazi aijua tofauti.

Basi tuanzeje? Tusiingie msituni na mapanga kwa hiari yetu. Kwanza tumwone afisa wa misitu na chama cha mahali hapo. Pili, tujifunze kuitambua miche, maana asiyejua aweza kung'oa muhugu akidhani ni gugu. Tatu, mbegu zitoke katika miti ya karibu, na tusizikawize: mbegu ya muiri haikai sana, hupandwa ikiwa bado mpya. Nne, kila mche tuuwekee kijiti, na kiangazi kikiisha twende tuhesabu. Ile iliyo hai ndiyo tuseme tumeipanda.

Wapenzi, mtu wa kwanza hakuwekwa bustanini ale tu. Alikabidhiwa kazi na ulinzi wa mahali pale. Sisi nasi tu mawakili, na wakili si mwenye mali. Siku moja ataulizwa hesabu. Wanaorudi kupalilia hawapigwi picha, wala majina yao hayasomwi mkutanoni. Lakini miti iliyosimama ndiyo ushahidi wao.

Bwana atupe mikono ya kupanda, na zaidi ya hiyo, atupe miguu ya kurudi. Amina.