Mtoto Asiyesema Ana Mengi ya Kusema



Ijumaa moja sisi wa kikundi cha akina mama tulikwenda kumwona mwenzetu hapa Mwenge. Mtoto wake wa miaka 7 alikuwa analia tangu jana yake. Mtoto huyo hasemi. Alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia, akabaki na mtindio wa ubongo. Mama alimpa uji, akautema. Baba alidhani ni ukaidi. Jirani mmoja akaanza kunong'ona habari za pepo. Kumbe ni sikio! Tulipolitazama lilikuwa linatoa usaha. Siku mbili mtoto alijua panapouma, ila hakuwa na njia ya kutuambia.

Tulirudi nyumbani na aibu. Miaka yote tumekuwa tukimwuliza mama yake, "Anaendeleaje?" huku mwenyewe akitutazama.

Kutosema si kutofahamu

Sisi wauguzi tunakutana na watoto wengi wa namna hii. Mmoja alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, mwingine alipata manjano kali akiwa mchanga, mwingine homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Wengine wana usonji. Wapo ambao akili ni nzima kabisa. Ni misuli ya ulimi na koo ndiyo isiyotii. Nao watu wazima hupoteza usemi kwa kiharusi.

Kishikwambi kinachosema

Kishikwambi tunakifahamu tangu Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nacho nyumba kwa nyumba. Ukiweka ndani yake programu ya mawasiliano, kioo hujaa picha: maji, choo, baba, naumwa. Mtoto akigusa picha, sauti hutamka neno. Akigusa mbili au tatu, inakuwa sentensi.

Ziko za bei kubwa, kama Proloquo2Go ya Uholanzi iliyoanza 2009, ambayo ni ya vifaa vya Apple tu na huuzwa dola 250 hivi. Ziko za bure, kama Cboard, iliyopata msaada wa UNICEF. Hata simu ya kugusa yaweza kutosha. Nyingine huruhusu kurekodi sauti ya nyumbani. Basi mwiteni dada yake au kaka yake ayaseme maneno, ili mtoto asisikike kama mtangazaji wa redio!

Anza na kadi

Mama, usikae ukisubiri fedha. Kata boksi, bandika picha sita: maji, chakula, choo, naumwa, ndiyo, hapana. Kila unapompa maji, gusa picha wewe mwenyewe huku ukisema, "Maji." Kisha nyamaza, hesabu polepole hadi kumi, umsubiri. Kusubiri huko ndiko kugumu kwetu, maana tumezoea kuwajibia.

Huko Kilifi, Kenya, walezi walifundishwa majumbani mwao kutumia vitu, picha na ishara, na habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2014.

Wengine huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. La hasha. Wataalamu waliochambua habari za watu 27 mwaka 2006 hawakuona hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, wengi uliongezeka.

Lakini kwanza mtoto apimwe masikio, kwani asiyesikia pia hukawia kusema. Kwa sisi wa Mwenge, CCBRT ya Msasani, iliyoanza kuhudumia watu wenye ulemavu mwaka 1994, si mbali.

Kibao cha Zakaria

Tukumbuke Zakaria katika Injili ya Luka. Ulimi wake ulipofungwa, ndugu na majirani walitaka kumpa mwanawe jina wasiloagizwa. Aliomba kibao, akaandika, na ubishi ukaisha. Kibao hakikumwondolea heshima ya baba, bali kilimrudishia.

Mtoto wetu sikio limepona. Sasa ana kadi ya picha kumi, na simu ya zamani ya mama yake inafundishwa kusema. Tulipomtembelea tena tulimpelekea uji. Aliutazama, akanyoosha mkono unaotetemeka, akagusa "hapana". Sisi tulicheka, mama yake alilia kwa furaha.

Je, mama, nyumbani kwako au kwa jirani yuko nani anayesubiri kuulizwa? Nenda ukamwulize, kisha umsubiri.