Mji na Wenyewe (3): Arusi, Maulidi na Kuta za Amu

Katika makala mbili zilizopita tulizungumzia sheria. Tuliona jinsi Mji wa Kale wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, ulivyotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1986, na jinsi UNESCO ilivyouingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Sheria hizo ni njema na nitazitetea popote. Lakini hakuna kifungu cha sheria kinachopanda darini kuziba ufa kabla ya masika. Leo nataka tuwatazame wanaopanda, na hasa kinachowafanya wapande.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kuta za Amu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo hupatikana kwa kuchoma matumbawe vilevile. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita tatu. Urefu huo wa mti ndio ulioamua umbo la vyumba. Misana ni mirefu upande mmoja na myembamba upande wa pili, mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia kiwanda kilicho wazi juu mpaka chumba cha ndani chenye zidaka ukutani. Ukuta una unene wa kama nusu mita. Mgeni akiugusa hudhani ni jabali lisilohitaji mtu. Kumbe chumvi ya hewani na mvua huila lipu mwaka hadi mwaka, na lipu ikishatoka, maji hupenya hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyofukiwa ukutani. Boriti huozea huko huko gizani mpaka siku dari inaposhuka. Anayeishi humo huliona doa la unyevu mapema, akamwita fundi. Nyumba iliyofungwa haina wa kuliona doa. Na mwenye haraka akipaka saruji mahali pa chokaa huongeza balaa, maana chokaa huuacha unyevu utoke, ilhali saruji huufungia ndani pamoja na chumvi yake.

Mji wa namna hii huwezi kuukarabati mara moja ukaondoka. Unataka kupakwa, kuzibwa na kufagiliwa kila mwaka, na kila mwaka lazima pawe na sababu ya kufanya hivyo. Dai langu katika makala hii ni kwamba, kwa Amu, sababu hiyo imetoka katika shughuli za mtaa: arusi, Maulidi, hitima na mashindano ya mitaa. Anayepanga bajeti ya hifadhi akaziweka shughuli hizi chini ya kichwa cha burudani hajauelewa mji.

Arusi ndiyo inayofaa kutangulia, kwa sababu ndiyo iliyoujenga mji kwa maana halisi ya kuweka jiwe juu ya jiwe. Katika familia zenye uwezo, baba alimwandalia binti yake makao ya ndoa, na mume akahamia huko. Kama palikuwa na nafasi, alijengewa nyumba ya ubavuni. Kama hapakuwa na nafasi, na kwa kawaida haikuwepo, ghorofa iliongezwa juu ya ile ya wazazi. Ghorofa ikishaenea, familia ilivusha chumba juu ya kichochoro hadi ukuta wa jirani au ndugu wa upande wa pili. Hicho ndicho wikio, kile kivuli anachokipita mtembezi wa Mkomani bila kujua kwamba juu yake huenda palijengwa kwa ajili ya binti fulani. Kwa hiyo ukiusoma mji kutoka chini kwenda juu, unasoma ndoa za vizazi. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyeichora miji hii kwa makini na kuchapisha kitabu chake juu ya Lamu mwaka 1975, alionyesha jinsi mpango wa nyumba ulivyofuata maisha ya familia, hasa ya wanawake, ambao waliweza kutembeleana kwa njia za juu bila kushuka njiani.

Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa jambo hili husahauliwa. Ndani ya nyumba, zile zidaka zilizochongwa kwa lipu, kitanda, vyombo vya kaure na pazia, vyote vilikuwa chini ya mikono ya wanawake, na siku vilipotazamwa na watu wengi ni siku ya kumtoa bibi arusi nje. Shughuli hiyo ilidai ukuta mweupe. Palipotokea nyufa, mama wa bibi arusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai zizibwe. Orodha za wahifadhi zimejaa milango ya kuchonga, kwa sababu mlango huonekana kutoka njiani. Ndani hawakuingia kirahisi. Ningependa kila kamati inayozungumzia nyumba za Amu iwe na wanawake waliokulia ndani ya nyumba hizo, na wakae kama wenye kauli.

Tuje kwenye Maulidi. Kila mwaka, katika mwezi wa Mfungo Sita, Amu hupokea wageni kutoka Mombasa, Malindi, Unguja, Ngazija na kwingineko. Kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha, ulioko Langoni, na chimbuko lake ni Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija akaja Lamu katika karne ya 19. Habib Swaleh aliwafundisha watu ambao mji wa mawe haukuwahesabu: maskini, wageni, waliokuwa watumwa na watoto wao. Aliwaingiza darasani na msikitini, na akayasomesha Maulidi ya Habshi, yaliyotoka Hadhramaut, kwa kupiga matari. Wapo waliochukizwa, wakaona matari hayana mahali msikitini. Leo siku zile huandamana na zefe, goma, kirumbizi, mbio za punda, mashindano ya mashua na mengineyo, na hakuna tukio linaloujaza mji kama hilo.

Msomaji atambue jambo lililofichika hapa. Hifadhi ya kitaalamu ilianza na nyumba za mawe, na nyumba nyingi za mawe ziko Mkomani, upande wa kaskazini, kwa watu waliojiita wenye mji. Langoni, upande wa kusini, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti. Lakini sherehe inayoiletea Mkomani wageni wa kulala katika misana yake imezaliwa Langoni. Mwenye nyumba anayetarajia jamaa kutoka Mombasa hawezi kuiacha ngazi ikiwa na tundu wala choo kikivuja, na jamaa hao hawaji kutazama mawe. Wanakuja kwa sababu ya msikiti ulioanzishwa kwa watu wasio na mawe. Ukiihifadhi Mkomani ukaisahau Langoni, umekata mzizi.

Ushindani wa pande mbili si mgeni katika Amu. Kabla ya utawala wa Omani kushika mizizi, mji uliongozwa na Yumbe, baraza la wazee, na mapokeo yanaeleza kwamba makundi mawili, Zena na Suudi, yalipokezana uongozi kwa zamu. Ushindani huo huo ndio ulioonekana baadaye katika vyama vya ngoma, beni na lelemama, ambavyo vilienea pwani nzima mwanzoni mwa karne ya 20. Chama cha lelemama kilikuwa na vyeo, michango na nidhamu yake, na kilijua kuhesabu fedha. Wanawake waliojifunza kuendesha vikao katika vyama hivyo hawakuhitaji kufundishwa na mradi wowote jinsi ya kuunda kamati.

Lipo pia Tamasha la Utamaduni la Lamu, lililoanzishwa mwanzoni mwa karne hii kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Lina kheri zake: mafundi wa mashua, wasusi wa mikeka na wacheza bao hupata jukwaa na kipato. Kipimo changu kwa tamasha lolote ni kimoja: je, lingefanyika kama mgeni asingekuja? Maulidi yangefanyika. Arusi ingefanyika. Tamasha linalongoja ndege na mfadhili ni dhaifu, na ni vyema waandaaji walishikamanishe zaidi na kalenda ya mji wenyewe.

Linganisheni na Unguja. Mtaalamu Francesco Siravo, aliyeandika pamoja na Ann Pulver mpango wa hifadhi ya Lamu uliochapishwa 1986, baadaye aliongoza pia mpango wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sheria zilikuwepo pande zote mbili, na Unguja ilianzisha mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe mwaka 1985. Lakini baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi za Mji Mkongwe ziliondoka, majumba yakataifishwa, yakagawiwa vyumba vyumba kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wala hati ya kuyakarabati. Jumba likiwa la wote kwa karatasi, huwa halina wa kulipaka chokaa. Hata Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa sura ya Zanzibar, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Siwalaumu waliopewa vyumba, walihitaji makao. Nasema tu kwamba mpango mzuri haukuweza kuziba nafasi ya wenyewe.

Amu nayo ilionja kukosa usiku wake. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku, ikadumu miezi kadhaa. Wavuvi wa usiku walikosa riziki, na baraza za baada ya isha zikakoma. Mji wa kihistoria usio na watu barazani hubaki majengo, na majengo peke yake hayamudu miaka mingi.

Nguvu ya mshikamano unaolelewa na shughuli hizi za mtaa ilionekana wazi zaidi mahali ambapo hapakuwa na ngoma: mahakamani. Ulipokuja mpango wa bandari kubwa ya LAPSSET, na kisha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, vikundi vya wavuvi, wanawake, vijana na watunza mazingira viliungana chini ya jina la Save Lamu. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu huko Malindi iliamuru wavuvi walioathiriwa na bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikakiri kwamba haki za wenyeji, pamoja na utamaduni wao, zilivunjwa. Tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu waliozoea kuchangia sufuria ya pilau na kugawana zamu za zefe walijua kuchangia nauli ya kwenda kusikiliza kesi.

Hatari iliyobaki haina mtambo wala bandari. Ni nyumba kununuliwa na watu wa mbali, zikapakwa vizuri, zikafungwa miezi mingi ya mwaka, huku vijana wa familia wakihamia pembezoni ambako kodi ni nafuu. Nyumba hizo mara nyingi zimekarabatiwa kwa ustadi, na wapo wamiliki wenye adabu kubwa kwa mji. Hata hivyo mtaa wenye milango mingi iliyofungwa hauwezi kupokea wageni wa Maulidi, wala hauna wa kufanyiwa arusi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili kwa Serikali ya Kaunti na Makumbusho ya Taifa. Kwanza, mfuko wa chokaa na boriti, mikopo midogo isiyo na riba, utolewe kwa familia zinazoishi humo, na utolewe kabla ya Mfungo Sita, wakati watu tayari wana nia ya kupaka. Pili, kamati za mitaa, za Langoni sawa na za Mkomani, zipewe viti vyenye kura katika baraza linaloidhinisha ujenzi. Fedha hizo zikigawanywa na wasioijua mitaa zitawafikia wenye milango mizuri tu.

Juma lijalo tutawageukia mafundi: nani bado anajua kuchoma chokaa kwa tanuri, analipwa kiasi gani, na anamfundisha nani.