MAFUNDI WA LINUX WAKIGOMBANA, MWENYE DUKA AULIZE NINI?

WAPIGANAPO tembo nyasi huumia. Katika soko la programu huria bidhaa haina bei, lakini mafundi wake wakigombana gharama humfikia mtumiaji. Hilo lilidhihirika mwaka 2025, pale mfumo wa kuhifadhi faili uitwao bcachefs ulipoondolewa katika Linux, ambayo kiini chake huendesha seva za makampuni mengi duniani pamoja na simu za Android.

Mfumo huo, kazi ya Kent Overstreet, uliingizwa katika toleo la 6.7 la Januari 2024. Uliwavutia watu kwa kuwa hugundua data iliyoharibika na huweza kutunza nakala katika diski zaidi ya moja.

Chanzo cha mgogoro ni kalenda. Kwa kila toleo, Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, hupokea vitu vipya kwa muda wa wiki 2. Baada ya hapo, kwa wiki 7 hivi, hupokea marekebisho ya kasoro tu. Utaratibu huo ndio unaompa mtumiaji uhakika kwamba anachopewa kimejaribiwa.

Juni 2025, muda wa vitu vipya katika toleo la 6.16 ukiwa umekwisha, Overstreet alileta msimbo wa kuokoa faili zilizoharibika. Alidai kuwa data za watumiaji haziwezi kusubiri. Waliompinga walisema hicho ni kitu kipya, si marekebisho, na kila fundi akidai dharura utaratibu utakufa. Torvalds aliupokea msimbo huo, lakini akadokeza kuwa wangeachana katika toleo la 6.17. Toleo hilo halikupokea mabadiliko ya bcachefs, na katika lile la 6.18, lililotoka Novemba 2025, msimbo wake haukuwamo tena.

Bidhaa yenyewe haikufa, bali inaendelezwa nje ya Linux. Lakini aliyekwisha kuweka hesabu zake humo sasa lazima aifunge kama nyongeza, na kila anapobadili kiini ahakikishe kwamba viwili hivyo vinapatana. Muda huo wa fundi unalipiwa.

Si kila mfarakano ni hasara. Mwaka 1994 Theo de Raadt alitakiwa kuondoka katika mradi wa NetBSD, na mwaka 1995 akaanzisha OpenBSD. Huko ndiko ilikotoka OpenSSH mwaka 1999, ambayo leo hutumika duniani kote kusimamia seva kwa usalama. Tofauti ni kwamba OpenBSD ilipata kundi la mafundi, wakati bcachefs imemtegemea zaidi mtu mmoja.

Wawekezaji nao wana la kujifunza. IBM ilipokamilisha ununuzi wa Red Hat mwaka 2019 kwa dola za Marekani bilioni 34, haikulipia msimbo ambao ni huria. Ililipia mafundi, wateja na mikataba ya huduma, yaani dhamana kwamba mambo yakiharibika yupo wa kujibu.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayefungiwa mfumo wa kutunza daftari la mali na madeni amuulize fundi wake mambo 3: Je, msimbo huu umo ndani ya Linux au ni nyongeza? Wanaoutunza ni wangapi? Na nakala ya pili ya hesabu iko wapi? Asipopata jibu la swali la tatu, asifunge mfumo huo.